Skrini Iliyokufa Nusu

Ndege ya wakimbizi wanaohamia ng'ambo ilikuwa iondoke Kakuma Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa moja asubuhi siku hiyo hiyo, Inspekta Makena alikuwa bado Lodwar, ameketi kwenye kitanda cha mtu mwingine, akifundishwa kupiga picha.

Kitanda kilikuwa cha Ekaale, mpiga picha wa harusi, ambaye tangu Jumapili alikuwa hospitalini hajui usiku wala mchana. Alikuwa amekwenda Kakuma peke yake kwa harusi, na mchunga mbuzi alimkuta ukingoni mwa laga ya Tarach, ule mto mkavu wa huko, kichwa kimepasuka na mfuko wake haupo. Alhamisi jioni kamera yake ikaonekana kambini, katika kibanda cha Puok, mkimbizi wa Sudan Kusini anayepiga picha za pasipoti na kutengeneza redio. Puok akatiwa ndani. Mkuu wa kituo cha huko, Chifu Inspekta Wandera, akapiga simu Lodwar kusema kesi imekwisha, mpelelezi aje tu kutia sahihi.

Kumbe Puok, mkewe na watoto wao watatu walikuwa kwenye orodha ya ndege hiyo ya Ijumaa. Walikuwa wameingoja kwa miaka kumi na mmoja. Mwenye kesi ya polisi hukatwa jina, na akikatwa huanza foleni upya kutoka mkiani. Makena alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: hakutia sahihi kesi asiyoisoma.

"Nina kamera kwenye simu," alimwambia Namuria, mke wa Ekaale. "Kamera ni kamera."

"Hapo ndipo watu wote hukosea, madam." Namuria alifungua kijitabu cha maelezo, kurasa zimelegea kwa kushikwashikwa. Alikuwa msaidizi wa mumewe kwenye harusi karibu zote, na kamera ile aliijua kuliko alivyojua jiko lake. Waliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anahama, ikiwa tayari na miaka yake. "Hii ni ya zile za kwanza za kidijitali zenye lenzi ya kutoa. Si ya kushika mbali hivi ukiangalia nyuma. Hii unaweka jicho kwa hiki kidirisha."

"Na skrini ya nyuma?"

"Skrini haioni kitu mpaka picha ipigwe. Angalia huu mchoro. Ndani kuna kioo kimelala mshazari. Sura inaingia kwa lenzi, inagonga kioo, inapanda mpaka kwa jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, klap! Hapo ndio mwanga unafika nyuma. Kama kioo kiko njiani, skrini itaona nini?"

Makena aliandika. "Na baada ya klap?"

"Zingine zinaonyesha picha kidogo. Ya Ekaale haionyeshi, alizima hiyo kitu. Alisema skrini ndio inakula betri, na harusi ya Lodwar haijui kuisha. Ukitaka kuona, unabonyeza hiki kitufe cha mshale. Usipokijua, utafikiri imekufa."

"Video?"

"Haina."

"Tarehe?"

Namuria alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akaonekana kujutia kicheko chenyewe. "Kabetri ka saa kalikufa zamani. Kila ukitoa betri kubwa uchaji, inarudi mwaka elfu mbili na tatu. Kwa kamera ya Ekaale, bibi harusi wote wa Lodwar waliolewa mwaka huo."

"Chaja iko wapi?"

"Ilikuwa kwa mfuko. Nilifunga shanga tatu za kijani kwa waya yake. Ukichomeka kitu kwa jenereta ya kanisa bila alama, unarudi nyumbani na ya wenyewe."

Makena alifunga daftari. Mlangoni Namuria alimshika mkono. "Kama ni huyo mkimbizi, mfunge. Lakini kama si yeye, usimfunge kwa sababu yangu."

* * *

Sajini Lokorio aliendesha Landrova kana kwamba barabara ile ilimkosea yeye binafsi. Alikuwa Mturkana wa Lokitaung, miaka ishirini kazini, mtu wa maneno machache na mswaki usiotoka mdomoni. Hata hivyo mashimo yaliwashinda, na walifika Kakuma saa tano kasorobo. Nje ya kituo, mwanamke mrefu alisimama juani na watoto watatu, kila mmoja kavaa sweta mpya katika joto lile. Huko walikokuwa wakienda kulikuwa na baridi, walikuwa wameambiwa.

"Ejok," Lokorio aliwasalimu. Mwanamke aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa Nyaluak, mke wa Puok.

Ndani, Wandera alikuwa nyuma ya meza na chupa yake ya chai. Alikuwa mnene, mkarimu, na hakupenda kusumbuliwa na mambo yaliyokwisha.

"Makena! Karibu chai. Hii ni open and shut, dada, imekwisha. Kamera kwa mkimbizi, shahidi ninaye, tena mfanyabiashara, si mtu wa kuokota barabarani. Saa tisa napeleka barua kwa watu wa ndege wakate jina."

"Naomba kitabu cha vielelezo kwanza, bwana mkubwa."

Alisoma: *Kamera moja, kubwa, rangi ya fedha. Mbovu. Skrini haiwaki.*

"Nani alisema mbovu?"

"Mimi mwenyewe nilijaribu jana. Nilibonyeza mara mbili, klap, klap. Skrini nyeusi kama moyo wa shetani."

Makena alikivuta kitabu karibu. Alitia sahihi, akaichukua kamera, akafungua kifuniko cha chini na kuitoa betri isije ikaisha, akaiweka katika mfuko wa shati lake. Kisha akafungua kile kidogo cha ubavuni. Kadi ilikuwemo, nene na pana kama biskuti. Mtu aliyezoea kadi za simu asingeitambua hata ingemgonga.

* * *

Puok aliletwa na pingu. Alikuwa na macho mekundu, na vidole virefu vya fundi vilivyotulia kabisa.

"Kamera uliipata wapi?"

"Nimesema jana. Nimesema tena usiku. Kipchumba, ule wa duka ya kuchaji simu, ameleta Jumatatu asubuhi. Anasema skrini imekufa, tengeneza."

"Wewe ukasemaje?"

"Nimesema haijakufa. Hii unaweka jicho. Nimemwonyesha. Anakataa. Nimebonyeza menyu, maandishi inawaka. Anasema, sawa, maandishi inawaka lakini picha haiwaki, basi imekufa nusu. Tengeneza hiyo nusu." Puok alitikisa kichwa. "Wallahi, madam, nitatengeneza aje kitu haijaharibika? Anasema wakimbizi ni wajanja, unataka kubaki nayo. Anaacha, anaenda. Kila siku anapita, bado? Bado. Mpaka polisi wanakuja."

"Alisema kitu kingine?"

"Alisema nifute picha zote. Nimefungua, naona harusi. Bibi harusi, wazee, keki. Nimefunga."

"Kwa nini hukufuta?"

Puok alimtazama kana kwamba swali lenyewe halikuwa na adabu. "Mimi ni mpiga picha. Harusi ya watu haifutwi."

"Na kwa nini hukuja polisi? Uliona si yake."

"Mtu anaruka Ijumaa hatafuti polisi Jumatatu." Alitazama pingu zake. "Hiyo ni kosa yangu. Hiyo nakubali."

"Betri ilikuwa na moto kiasi gani?"

"Inapepesa. Itafungua picha mbili, tatu kama Mungu ako karibu. Khalas, basi."

Makena alimwamini, na hilo lilimkera, kwa sababu imani haiandikwi kwenye faili. Alichokuwa nacho kilikuwa neno la mkimbizi dhidi ya neno la mfanyabiashara, na saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

* * *

Shahidi wa Wandera, Kipchumba yule yule, alifika saa saba na nusu, akiomba radhi kwa kuchelewa, wateja, unajua. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, nadhifu, shati jekundu lililopigwa pasi. Alikuja Kakuma miaka minne nyuma na paneli moja ya sola. Sasa alichaji simu za nusu ya mji.

"Nieleze ulichoona," Makena alisema. "Polepole. Naandika."

"Jumapili jioni, afande, natoka kanisa, nikapita kule karibu na laga. Nikaona Puok na kamera kubwa. Nikashangaa, ameitoa wapi?"

"Alikuwa anafanya nini nayo?"

"Anapiga watu picha."

"Simama unionyeshe." Makena alimpa kamera. "Vile alivyoishika."

Kipchumba alisimama. Alinyoosha mikono yote miwili mbele ya uso, kamera mbali, kidevu juu, macho kwenye ile skrini nyeusi.

"Hivi."

"Ulisimama upande gani?"

"Nilipita nyuma yake. Nikaona skrini inawaka, watu wanatembea ndani. Tena mtoto wa Puok alikuwa mbele, anacheza ndani ya skrini. Niliona vizuri kabisa."

"Kabla ya kubonyeza?"

"Kabla. Alikuwa bado anatafuta pozi."

"Na wewe umewahi kuishika kamera hii, kabla ya leo?"

"Sijawahi hata kuigusa."

Makena alimsomea maneno yake yote tangu mwanzo, akamwuliza kama kuna la kubadilisha. Hakuna. Kipchumba akatia sahihi kila ukurasa, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Lokorio, aliyeegemea mlango, alitoa mswaki mdomoni.

"Kipchumba," Makena alisema, "kamera hii haionyeshi kitu kwenye skrini kabla ya kupiga. Haiwezi. Iliundwa hivyo. Hukumwona mtoto yeyote akicheza humo, wala hakuna atakayemwona."

Kipchumba aliirudisha kamera mezani upesi.

"Basi labda ni baada ya kupiga. Ni jioni, afande, macho yanadanganya."

"Shahidi anaweza kukosea, Makena," Wandera alisema, akiangalia saa. "Mimi pia sikujua hayo mambo ya skrini. Tumfunge mtu kwa kutojua kamera? Hata hivyo hiyo kitu ni mbovu."

Alisema kweli, na Makena alijua hivyo. Uongo kuhusu skrini ulimwonyesha mwongo, haukumwonyesha mwizi. Alitoa betri mfukoni, akaisukuma mahali pake, akawasha. Alama ya betri ilianza kupepesa. Kipchumba aliinama mbele pamoja na wengine, na ilionekana wazi kwamba hakutarajia kuona chochote.

Makena akabonyeza kitufe cha mshale.

Skrini ikawaka. Ndani yake kulikuwa na tumbo. Tumbo kubwa la sare ya polisi, vifungo viwili vimeng'ang'ana na cha tatu kimekata tamaa.

Lokorio alikohoa akageukia dirisha. Wandera alijitazama, akaitazama skrini, akajitazama tena.

"Hiyo ni… hiyo ni jana."

"Ndiyo, mkubwa. Ulibonyeza mara mbili. Si mbovu."

"Lakini angalia tarehe!" Wandera alinyoosha kidole, amepata pa kushika. "Elfu mbili na tatu! Ushahidi gani huo?"

"Mwaka huo ulikuwa kituo hiki?"

"Mwaka huo nilikuwa Kapedo."

"Basi tusitazame tarehe. Tutazame mpangilio. Hizi mbili za mwisho ni zako. Aliyebonyeza kabla yako yuko nyuma yazo."

Alama ya betri ilikuwa nyekundu. Akabonyeza: chupa ya chai. Akabonyeza tena, na kwa muda wa pumzi moja wote wanne waliona rafu ya kijani, sinia ya simu zilizobandikwa namba kwa karatasi, na pembeni, ukungu wa shati jekundu.

Kisha skrini ikazima. Makena alizima kamera, akawasha, akabonyeza. Hakuna. Betri ilikuwa imekufa, safari hii kweli.

"Mimi sikuona vizuri," Kipchumba alisema upesi. "Rafu za kijani ziko nyingi. Leteni picha, tuione."

Wandera aliisogeza chupa yake kando. Aliyaona yale ambayo Makena aliyaona, na hakuyapenda. "Korti haitaki nilichoona nusu dakika," alisema mwishowe. "Itataka picha. Chaja iko wapi?"

"Hilo ndilo swali," Makena alisema. Aliinuka. "Kipchumba, ukiwa na simu hamsini na chaja hamsini, ukipata chaja nyingine, unaitupa?"

Kipchumba alianza kukunja mikono ya shati lake.

"Tunaomba kuona duka lako. Kwa ruhusa yako, au nimtume Sajini kwa hakimu."

"Njooni tu," alisema. "Sina cha kuficha."

* * *

Duka lilikuwa na rafu za kijani. Nyaya zilining'inia ukutani kwa mamia, nyeusi juu ya nyeusi, na wateja walisogea mlangoni kuona polisi wanataka nini. Saa nane na nusu. Makena na Lokorio walianza kila mmoja upande wake, waya mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kwa sababu mwenye haraka ndiye hupitwa na kitu.

Kipchumba alisimama katikati, mikono kiunoni. Alikuwa amekata kamba ya kamera, amechoma mfuko, amemtafuta fundi asiye na wa kumtetea. Alifikiri mengi. Ila alikuwa mtu wa chaji, na mtu wa chaji hatupi chaja. Huitundika, huenda siku moja akaja mteja.

"Madam," Lokorio aliita.

Ilikuwa kwenye msumari wa chini kabisa. Kisanduku cheusi chenye kitanda cha betri, si cha simu yoyote. Kwenye waya wake, shanga tatu za kijani.

Makena alitoa betri kwenye kamera, akailaza humo. Iliingia kwa kubofya kidogo. Lokorio akachomeka, na taa ndogo nyekundu ikawaka.

Kipchumba aliketi juu ya gunia.

"Nilimwambia aniuzie," alisema. "Alikuja kuchaji, nikamsindikiza mpaka laga. Nilimwomba vizuri, afande, aniuzie. Akacheka. Akasema, wewe hata hujui inaangaliwa wapi." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilimsukuma tu. Jiwe ndilo lilimpiga."

"Ukamwacha hapo."

Wandera, aliyekuwa amesimama kizingitini, alitoa pingu zake mwenyewe akamfunga, kisha akamgeukia Makena na uso wa mtu aliyemeza ndimu.

"Barua nilishaituma," alisema. "Kabla tutoke kituoni. Nilimpa konstebo."

* * *

Saa tisa na dakika arobaini waliwasili mahali pa basi la kuwapeleka wasafiri uwanjani, Puok mbele kati ya Makena na Lokorio, Kipchumba nyuma na pingu, wa kupelekwa Lodwar. Kituoni walikuwa wamepoteza robo saa wakitafuta muhuri wa barua mpya ya kumwondolea Puok kesi, ambao Wandera alikuwa ameufungia drooni na funguo akazisahau kwenye duka la chaji. Aligonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia, bila kumtazama Puok. Alipomaliza, alisema, "Samahani, ndugu." Ilimgharimu, na ilisikika hivyo.

Basi lilikuwa limeondoka mapema. Vumbi lake lilikuwa bado hewani.

Nyaluak alikuwa ameketi juu ya mabegi yake, watoto watatu na sweta zao kando yake.

"Wamesema sisi wanne tupande," alimwambia mumewe. "Jina yako wamekata. Nimeshuka."

Puok alishuka garini. Akapiga magoti mchangani, akaushika uso wa mkewe, akalia waziwazi mbele ya polisi na mji mzima.

"Ingieni!" Makena alifoka. "Lokorio, endesha kama kawaida yako!"

Waliingia nyuma, hapakuwa na pengine. Watoto waliketi wakimkodolea macho mtu mwenye pingu, magoti yakigusana. Kwenye uwanja wa ndege, ngazi ilikuwa bado chini. Karani wa orodha alisema jina likishakatwa limekatwa. Makena akamwekea barua yenye muhuri juu ya orodha, akaweka na kitambulisho chake juu ya barua, na kalamu juu ya kitambulisho.

"Aliyekata anaweza kuandika," alisema. "Nasubiri."

Karani aliisoma barua mara mbili. Kisha, chini kabisa ya karatasi, akaandika: Puok.

Puok aligeuka mara moja tu, mguu kwenye ngazi. "Madam! Wale wa harusi, wapewe picha zao."

"Watapewa."

Simu ya Makena ililia ndege ilipokuwa inajipanga. Alikuwa Namuria. Ekaale alikuwa amefumbua macho. Ameomba maji, ameuliza Jumapili ilikwenda wapi. Makena alisikiliza, akashukuru, akaegemea mlango wa Landrova.

Ndege iliinuka juu ya miiba na mabati ya kambi. Kutoka nyuma ya gari, Kipchumba aliifuata kwa macho.

"Afande," alisema taratibu. "Sasa nimekubali kila kitu. Niambie tu. Ile skrini, huwa inawashwa wapi, ionyeshe kabla ya kupiga?"

Makena alinyoosha kidole kwenye ndege.

"Aliyekujibu hilo swali Jumatatu," alisema, "ndiye yule juu."